Moja, Mbili, Tatu, Tano: Kwa Saa, Mume Wangu na Baba wa Watoto Wetu

Mwaka umetimia, Saa, tangu asubuhi ile ulipopiga pasi shati lako la bluu, ukalitundika kwenye mlango wa chumba, ukaketi kitandani kupumzika kidogo, na hukuinuka tena. Shati bado liko pale pale. Watoto wamenishauri niliondoe, nami nimewaambia waniache, nitaliondoa siku nikijisikia.

Kalamu ya kumbukumbu hii ya gazetini wameniachia mimi. Binti yetu mkubwa alitaka tuandike maneno mazuri ya kawaida, kwamba ulikuwa nguzo na taa ya familia. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako balbu ya chooni tu ilimchukua miezi mitatu kuibadilisha. Taa ya nani?" Tukacheka mpaka pacha wakatoka chumbani kuuliza kuna nini. Basi nakuandikia kama tulivyozoea kuongea, na wasomaji watuwie radhi wakitusikia.

Jina la Saa ulipewa na wenzako wa bendi ya Mabati, kwa sababu ukishika vijiti vya drams hukuharakisha wala hukuchelewa. Mapigo yako yalikwenda sawasawa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Sisi wa nyumbani jina hilo tulilipokea kwa shingo upande. Saa gani hiyo inayochelewa kikao cha wazazi shuleni, inayochelewa harusi ya shemeji yake, inayochelewa hata chakula ilichokipika yenyewe?

Lakini kazini hukuchelewa. Watu wengi waliokuona jukwaani hawajui kwamba miaka yote hiyo ulikuwa fundi wa vyerehani katika kiwanda cha nguo. Uliweka sikio juu ya cherehani kama daktari kifuani mwa mgonjwa, ukamwambia mshonaji, "Hii haijaharibika, ina kiu tu," ukatoa chupa yako ya mafuta. Washonaji walikuja msibani wamejaa lori zima. Mmoja wao alinishika mkono akaniambia kwamba siku alizokuwa na mtoto mgonjwa ulikuwa unakaa kwenye mashine yake na kushona kola mpaka arudi, ili msimamizi asimwandike mtoro. Hukuniambia hilo hata siku moja. Nilijiuliza tu kwa nini mpiga drams anarudi na nyuzi kwenye nywele.

Bendi yenyewe mliianza chini ya paa la mabati la gereji, ndiyo maana ya jina. Muziki wa roki na bati ni kelele juu ya kelele. Albamu ya kwanza mliiita *Kelele za Jirani*, na kwa kweli majirani pekee ndio walioisikia. Ya pili, *Umeme Umekatika*, ikaingia chati ya wiki na kufika namba kumi na tisa, ukaiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, ukaizungushia duara. Ya tatu ilikuwa *Kiatu cha Kushoto*, yenye wimbo wa "Fungua Dirisha", na hapo ndipo kalenda ilipokosa nafasi.

Wimbo ule ulikaa namba moja wiki tisa. Jumamosi alasiri redio ilipotangaza mara ya kwanza, ulimpigia simu mama yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukapiga kelele, "Mama mkwe, leo nimepata kibao!" Naye, maskini, akaanza kulia. "Baba wee, nani kakupiga? Ni huyo binti yangu?" Ikabidi nichukue simu nimweleze kwamba kibao ni wimbo unaotamba, si kofi, na kwamba mkwewe yuko salama. Aliniuliza mara mbili kama nasema kweli.

Na Jumatatu ya wiki hiyo hiyo ya namba moja ulikuwa kiwandani, umelala chalichali chini ya cherehani.

Sasa nifike kwenye wimbo wenyewe, maana ndio uliotuchosha mwaka huu. Wasomaji wengi wanaukumbuka unavyoanza. Kabla ya muziki kuna sauti ya mwanamume anahesabu: "Moja, mbili, tatu, tano!" Sauti hiyo ni yako, na nne haipo.

Siku mliyorekodi nilikuwa natoka kliniki. Wakati ule nyumbani tulikuwa watu watatu: wewe, mimi na binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka mitatu na domo la mtu wa miaka thelathini. Daktari alikuwa amenipa habari ambayo sikuweza kukaa nayo mpaka jioni, nikaja studio moja kwa moja, kadi mkononi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Fundi mitambo aliweka kidole mdomoni mwake, ishara ya kunyamaza, nikasimama nyuma ya kioo. Ulipoinua macho nikajishika tumbo, kisha nikainua vidole viwili. Ukanitazama. Ukainamisha kichwa, midomo ikachezacheza. Nikasema moyoni, huyu hajaelewa kitu, mwanamume mwenye vijiti mkononi haelewi kitu. Ndipo ukahesabu ili wenzako waingie, ukaruka nne.

Mpiga besi akababaika, akaingia amechelewa nusu pumzi. Wimbo ukaenda hivyo hivyo hadi mwisho, kisha wote watatu wakakugeukia kwa vicheko. Saa amesahau nne! Mlirudia mara sita, na mara zote sita ulihesabu vizuri kama mwanafunzi, lakini hakuna iliyokuwa na moto wa ile ya kwanza. Ikatoka na kosa lake.

Nami nilikukamata kwenye ngazi za nje na kukwambia kwa mdomo, "Ni pacha." Ulijishika kichwa kwa mikono miwili. "Pacha? Wawili? Kweli?" Ukaketi kwenye ngazi kama mtu aliyeishiwa magoti. Nilifurahi sana kukuona vile.

Baada ya hapo lile kosa likapata umaarufu kuliko ninyi wenyewe. Kwenye maonyesho ukumbi mzima ulihesabu nawe, na ikifika mahali pa nne watu elfu wananyamaza, kisha "Tano!" Mwandishi mmoja wa gazeti akaeleza kwamba nne iliyokosekana ni mwanachama wa bendi aliyefukuzwa. Hakuna aliyewahi kufukuzwa. Mwingine akaona siasa ndani yake. Kila aliyekuuliza ulimjibu neno moja, "Nilikosea," ukacheka.

Na mimi sikukuacha. Nikikutuma dukani: "Leta mayai sita, uyahesabu vizuri, usinirukie la nne." Ukinisaidia kuhesabu viti vya wageni, nilihesabu tena nyuma yako. Miaka ishirini na minne ya utani huo, nawe unatabasamu tu na kuendelea na shughuli zako.

Mlitoa nyingine mbili. *Kaa Hapo Hapo* ilifika namba mbili, na *Bado Tupo* ikagusa namba thelathini na sita, ikadondoka baada ya wiki mbili. Hiyo nayo uliiandika kwenye kalenda kwa kalamu ile ile nyekundu na kuizungushia duara. Ukasema namba ni namba.

Miezi michache baada ya kukuzika, kampuni ya muziki ilituandikia kwamba inatoa upya albamu zote tano, zikiwa zimesafishwa sauti. Wakatuletea nakala ya majaribio tuisikilize. Tuliketi sebuleni Jumapili baada ya chakula cha mchana, tumejiandaa, hata leso tumeziweka karibu. "Fungua Dirisha" ikaanza kwa gitaa la besi. Tukarudisha. Ikaanza kwa besi tena.

Pacha mdogo ndiye aliyesema. "Mama, wamemkata baba."

Hapo ndipo nilipohesabu mimi. Albamu tano, nyimbo hamsini na mbili, na hukuimba hata mstari mmoja, kwa kuwa mwimbaji alikuambia tangu mwanzo kwamba sauti yako ni ya kufukuzia ndege shambani. Mahojiano ya redio ulimwachia yeye. Ukiona kamera ya simu ulikimbilia jikoni. Ujumbe wako kwangu ulikuwa wa kuandika, neno moja, "Nakuja," na hukuwa unakuja. Basi sauti yako yote iliyobaki duniani ilikuwa maneno yale manne, na ndiyo waliyoyafuta. Niliogopa, Saa. Nilikuwa nimeanza kusahau namna ulivyotamka jina langu, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nilikwenda ofisini kwao siku iliyofuata, na watoto wote watatu nyuma yangu kama walinzi. Ofisa alikuwa mpole, na mpole ni mgumu kugombana naye. "Mama," akaniambia, "ile ni kelele ya kabla ya wimbo. Wasikilizaji wa siku hizi wanataka wimbo uanze."

"Mwanangu," nikamwambia, "kelele hiyo ni mume wangu."

Akamwita fundi wa sauti, dada mmoja mwenye miwani mikubwa na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Huyo hakubishana. Alisema kilichosafishwa ni nakala, ila mkanda wenyewe wa siku ile upo stoo, na kwamba mikanda ya umri huo wakati mwingine hugandana, ukiilazimisha unapoteza kila kitu. "Nitajaribu, mama, lakini siahidi." Tulingoja wiki mbili. Binti yetu mkubwa aliacha kula vizuri. Mimi nilisafisha jiko ambalo lilikuwa safi.

Akatupigia simu twende.

"Umekubali," alituambia mlangoni. Akatuketisha mbele ya mtambo. "Ila kuna kitu. Mkanda unaanza mapema kuliko albamu. Kuna sekunde kumi na moja ambazo zilikatwa tangu mwanzo. Nadhani ni zenu." Akabonyeza.

Kiti kinalia. Mtu anajaribu nyuzi za besi, na wenzako wote, alivyotueleza fundi, walikuwa wameziba masikio kwa vipokea sauti. Kisha wewe, karibu kabisa, kwa sababu maikrofoni ya drams ilikuwa mbele ya kifua chako. Unaongea peke yako, polepole.

"Wawili. Mama yangu, wawili! Tulikuwa watatu... basi tumekuwa watano."

Ukacheka kwa pua. Fundi mitambo akasema tayari. Ukahesabu, moja, mbili, tatu, tano.

Kumbe uliviona vidole vyangu na ukavielewa. Kumbe kule kwenye ngazi ulijifanya hujui, ukajishika kichwa na kuishiwa magoti, ili nisikose raha ya kukwambia mwenyewe. Miaka ishirini na minne ukaniacha nikutanie kwa mayai na viti, na ungeweza kunyamazisha utani wangu kwa sentensi moja. Nililia, mume wangu. Nasema wazi mbele ya wasomaji, nililia mpaka yule dada akavua miwani na kutoka nje akatuacha. Pacha wetu walikuwa wameshikana mikono kama walipokuwa wadogo. Walikuwa wanasikia siku baba yao alipojua kwamba wapo.

Hukukosea kuhesabu. Ulikuwa unatuhesabu sisi.

*Kiatu cha Kushoto* imetoka upya, na kuhesabu kwako kumerudishwa mahali pake. Wiki iliyopita iliingia chati kwa namba ishirini na mbili. Pacha mkubwa ameiandika kwenye kalenda ya jikoni. Zile sekunde kumi na moja tumeomba zisiwekwe, na wamekubali. Maneno yake tumewaambia watu leo, ili waliobishana miaka yote wapumzike, lakini sauti tumebaki nayo nyumbani. Tunaisikiliza tukihitaji.

Wanaokukumbuka ni wengi: mama mkwe wako, ambaye bado anawasimulia watu habari za kibao; kaka yako mkubwa na mkewe; mwimbaji, mpiga gitaa na mpiga besi wa Mabati, ambao hawajatafuta mpiga drams mwingine; washonaji wa kiwandani; na sisi wa nyumbani, mimi mkeo, binti yako mkubwa, pacha mkubwa na pacha mdogo.

Ukituhesabu sisi wa nyumbani tuko wanne, Saa. Namba hiyo hatujawahi kuwa. Tulitoka watatu tukawa watano, na hatukujua kuishi wanne kukoje mpaka ulipotuacha. Mwezi uliopita alipita karani anayeandikisha watu nyumba kwa nyumba. Alisimama mlangoni na daftari lake, akauliza tuko wangapi humu ndani. Pacha mdogo akajibu haraka, "Watano." Karani akaandika. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilisikia vizuri. Sikumsahihisha.

Ndivyo tutakavyokukumbuka siku zote za maisha yetu.