Jiko la Chumbani kwa Mama

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Shemeji je, na wapwa zangu wameshapona mafua? Huku sote wazima. Mama naye hajambo, ila magoti bado yanamsumbua asubuhi. Mdomo wake, kama unavyoujua, haujawahi kuumwa.

Najua unangoja jibu. Tulikubaliana kwamba chumba cha Mama kisipopata joto kabla ya baridi kali, utakuja kumchukua. Alikubali bila kubisha, na Mama asiyebisha ndiye aliyenitisha. Hataki kuondoka hapa, dada. Iliniuma sana, nikaamua kumjengea jiko la roketi.

Usicheke! Fundi cherehani naye ana mikono. Rafiki yangu mchomeleaji alinipa pipa, mabomba na vipimo. Kukata nikakata mwenyewe. Moto unawaka chini kwenye tundu la matofali, unapanda kwa kasi ndani ya bomba lililosimama katikati ya pipa. Ukifika juu, moshi unageuka, unashuka pembeni, kisha unatoka nje kwa bomba la ukutani. Kuni kidogo, joto tele.

Siku ya kwanza nilimwita Mama kwa mbwembwe, nikawasha. Moshi wote ukarudi chumbani kupitia tundu la kuni. Tulitoka mbio huku machozi yakitutiririka, Mama mbele, na magoti yake yale yale!

"Wewe, umenijengea jiko au unanifukuza?" akaniuliza.

Nikazibua bomba la nje. Nikatafuta kuni kavu. Nikaziba nyufa kwa udongo. Wapi! Siku ya tatu mchomeleaji akaja, akafungua kifuniko cha pipa, akapima, akanikodolea macho. Bomba la katikati lilikuwa limefika hadi kifunikoni, moshi hauna pa kupita. Nilikuwa nimeliongezea inchi mbili za upindo, kama ninavyofanya kwenye kila suruali. Alicheka mpaka akakaa chini, na sasa mtaa mzima unaniita Upindo.

Tulizikata zile inchi mbili, nikawasha tena. Mama alisimama mlangoni, tayari kutimua mbio. Moto ukavuma, moshi ukaenda zake nje, na pipa likapata moto hata huwezi kuligusa. Dada, niliruka kama mtoto. Dirisha tunaliacha wazi kidogo, na bado Mama anavua sweta.

Leo ameinuka kitandani bila kushika ukuta.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde na kuwapa afya njema nyote. Mama ameniamuru niandike haya kama alivyoyasema: "Mwambie asije kunichukua. Aje kunitembelea."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Upindo