Zima Motere Kwanza

Ferme ya Kansenga, 9 Novemba 1974

Yaya Bibiane,

Dada yangu mukubwa, jambo yako, jambo ya watoto, jambo ya kila muntu anayelala chini ya bati yako pale Kikula. Mugongo je? Bado unakuuma ukiinama kufua? Minye niko muzima, ila pua inawaka sababu ya vumbi ya mbolea.

Uliniuliza ni kazi gani hasa bwana yako alinipatia huku. Nyuma ya trakta tunafunga mashine moja, kama kikombe kikubwa cha bati, na chini yake sahani mbili zenye kuzunguka. Mbolea inashuka, sahani zinairusha huku na huku juu ya mahindi. Wanaiita épandeur. Kazi yangu ni kuipima mbele haijaingia shamba. Ikitupa mingi, mahindi inaungua. Ikitupa kidogo, inakuwa ya manjano, na watu wa mine, wachimba shaba, wanakosa unga wa bukari, ule ugali wao.

Ninapima hivi. Ninasimamisha vijiti viwili, katikati yao mita mia moja. Rafiki yangu Fidèle anapitisha trakta, ninahesabu sekunde. Juzi zilikuwa makumi ine na tano. Kisha trakta inasimama, tunatoa sahani, tunafunga saki chini ya tundu, tunafungua kwa sekunde zile zile, tunapeleka saki kwa mizani. Inatakiwa kilo makumi mbili. Yaya, ilitoa makumi tatu na moja! Tukapunguza tundu, tukarudia mara tano, ndipo ikakubali. Yote ninaandika kwa daftari, na shemeji Adolphe anatia sinyature kila ukurasa, kwa kuwa ndiye chef de culture, mukubwa wa mashamba yote.

Sasa neno linalonisumbua. Kwiko muti wa chuma unaotoka kwa trakta na kuzungusha mashine, unaitwa kardani. Kifuniko chake kilipasuka, shemeji akasema tukitoe tu. Tena batri imekufa: tukizima motere, watu sita wanasukuma trakta ili iwake. Basi amekataza kuzima, hata tukifunga saki, hata tukizibua tundu. Niliandika kwa daftari: «Kifuniko hakuna, chef amesema tuendelee bila kuzima.» Akatia sinyature bila kusoma.

Jumamosi akirudi nyumbani, mwambie pole pole. Weye anakusikia.

Mudogo yako,
Damas

*

Likasi, 24 Novemba 1974

Mudogo yangu Damas,

Nakusalimu, na watoto wanasema jambo mujomba. Mugongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Nilimwambia Adolphe. Alikuwa anakula. Akasukuma sahani, akasema: «Mudogo yako anataka kunifundisha mbele ya watu wangu. Mwambie ile trakta ni ya ferme, si ya mama yake.»

Damas, weye nilikubeba kwa mugongo huu nikiwa na miaka kenda, mama akiwa na mwezi mumoja kaburini. Sikukubeba ili uje kuvunja nyumba yangu. Angalia wenzako wa shule: wangapi wanauza njugu pale sokoni na cheti mufukoni? Inamisha kichwa. Chef akisema usizime, usizime.

Nimekutumia shati na samaki kavu wa ziwa la Tshangalele. Mugawie Fidèle na bibi yake Gertrude.

Yaya yako,
Bibiane

*

Cachot, 17 Desemba 1974

Yaya,

Samahani sikuanza na salamu yako na ya watoto. Wamenifungia. Ninaandika juu ya goti humu cachot, na mulinzi anangojea.

Fidèle amekufa. Jumanne iliyopita mvua ilinyesha, mbolea ikashika unyevu, mabonge yakaziba tundu. Nilipaza sauti: «Zima!» Shemeji alikuwa amesimama palepale kando ya njia. Akasema: «Usizime! Piga na fimbo!» Fidèle akaniangalia toka juu ya trakta, akamwangalia yeye, akashuka, akainama na fimbo. Alikuwa amevaa koti ya mvua. Kardani ikashika upindo. Yaya, haikuchukua hata muda wa kusema jina lake. Minye ndiye nilipanda kuzima ile motere, na ilipozimika, nilisikia vyura.

Jioni wakaja gendarmes, askari wa serikali. Adolphe akawaambia kifuniko nilikitoa minye, kwamba mipango yangu ni ya sabotage, ya kuvunja vitu vya nchi. Alisema akiniangalia machoni.

Lakini daftari iko. Gertrude ameificha katika unga. Kurasa kumi na moja, sinyature yake kila moja. Niambie nifanye nini.

Mudogo yako,
Damas

*

Likasi, 20 Desemba 1974

Mudogo yangu,

Nimelia hadi watoto wameogopa. Unakula? Unalala chini? Nimekutumia bulangeti, ukiikosa, ujue ni walinzi.

Sikiliza vizuri. Padri anamujua avocat mumoja, mutetezi wa kortini, asiyeogopa wakubwa. Anataka kuiona daftari kwa macho yake mbele ya hukumu. Usimpe gendarme, usimpe muntu wa ferme. Mwambie Gertrude ailete kwangu mwenyewe, mukono kwa mukono. Ninakuapia kwa kaburi la mama.

Yaya yako,
Bibiane

*

Cachot, 23 Desemba 1974

Yaya yangu,

Mungu akulinde na watoto wako. Bulangeti nilipata, imekatwa nusu.

Gertrude atafika kwako kesho na daftari ndani ya kikapu cha mihogo. Ujue inamukatia roho kuiachilia. Ni kitu cha mwisho kinachosema bwana yake hakuwa mujinga. Nilimwambia: kwa Yaya ni kama kwangu. Mwonyeshe avocat ukurasa wa tarehe nane Novemba, ule wa kifuniko. Huo peke yake unatosha.

Ninajua unaweka ndoa yako kwa hatari. Sitasahau.

Mudogo yako,
Damas

*

Likasi, 16 Machi 1975

Damas,

Salamu. Sijui kama bado ninaruhusiwa kuuliza hali yako.

Nilikuwa kule nyuma ya chumba cha hukumu juzi walipotaja miaka saba. Niliona unageuza shingo, unatafuta avocat. Hakuna avocat, Damas. Hakukuwa. Daftari nilimpa Adolphe usiku ule ule wa Noeli. Aliipasua ukurasa kwa ukurasa, akaitia katika babula yangu ya makaa, na minye nilipikia watoto bukari juu ya ule moto.

Ni yeye aliyenifundisha maneno ya ile barua ya padri na avocat, lakini mukono ulikuwa wangu. Alisema: «Ama mudogo yako, ama baba ya watoto wako. Chagua.» Weye huna bibi, huna mutoto. Minye niko na watano. Nilihesabu hivyo.

Gertrude alinikuta mbele ya kanisa. Hakunitukana. Aliniomba tu nimurudishie kikapu chake.

Nitaleta chakula kila jumapili, unikubali ama unikatae.

Yaya yako,
Bibiane

*

Likasi, 19 Septemba 1976

Mudogo yangu Damas,

Mwaka na nusu unakula chakula changu na unakataa kutoka kuniona, na barua hujibu hata moja. Mulinzi ananiambia umekonda lakini unasimama. Namushukuru Mungu kwa hicho.

Ninaandika kwa shida. Tangu uende, hakuna anayejua kupima ile mashine. Mwaka jana mahindi ilitoka mistari mistari, mustari mumoja umeungua, mwingine wa manjano, unaonekana hata kutoka barabara. Sasa wameleta épandeur mupya, na karatasi zake ziko kwa kijerumani. Mwezi wa kumi na moja wakubwa wa Kinshasa wanakuja, na Adolphe ndiye atapima mbele yao. Ikiharibika mara hii, neno sabotage litamurudia yeye.

Anaomba uandike namna ya kupima. Ameahidi, ikienda vizuri, ataenda mwenyewe kusema upunguziwe miaka. Simwamini sana. Lakini watoto wangu wako hapa, Damas, na nyumba ni ya ferme.

Yaya yako,
Bibiane

*

Gereza, 24 Septemba 1976

Yaya Bibiane,

Salamu kwako na kwa watoto. Nasikia mukubwa amekuwa murefu kuliko mulango. Minye ninakohoa, lakini si damu.

Mwambie shemeji afanye hivi, asipunguze kitu.

Namba zilizochorwa kwa mashine mupya asiziamini. Kila mbolea inashuka kwa namna yake. Atumie mbolea kavu, bila mabonge. Apime mita mia, apitishe trakta kwa gia ile ile ya shambani, ahesabu sekunde. Halafu asimamishe trakta. Zima motere, toa funguo, utie mufukoni. Ndipo mutoe sahani na mufunge saki chini ya tundu. Watu wote warudi nyuma hatua kumi, ndipo uwashe, ufungue kwa sekunde zile. Kisha zima motere tena mbele ya kugusa saki. Peleka kwa mizani. Ikiwa mashine inarusha upana wa mita kumi, na unataka kilo mia mbili kwa hektari, saki iwe na kilo makumi mbili. Ikizidi, punguza tundu, urudie hadi ikubali mara tatu.

Upana apime kwa beseni, azipange mustari mumoja kukata njia ya trakta, aone kama zinapata sawasawa.

Kardani iwe na kifuniko. Asivae nguo inayoning'inia. Na tundu likiziba, hata wakubwa wakiwa wanaangalia saa zao, zima motere kwanza.

Hayo ndiyo yote ninayojua.

Mudogo yako,
Damas

*

Likasi, 12 Desemba 1976

Mudogo yangu,

Salamu. Watoto wangu wako kwa shangazi yao, kule mutaa wa Panda, kwa kuwa nyumba ya ferme tunaihama.

Adolphe aliisoma barua yako mara tatu pale mezani. Akacheka. Akasema: «Muntu aliyefungwa na mukono wangu hawezi kunipa ya kweli. Anataka nizime motere mbele ya wakubwa, ikatae kuwaka, nionekane mujinga. Angalia, ameiandika mara tatu! Ndipo mutego uko.» Nikamwambia: Damas hajui kudanganya kwa mashine. Akanipiga kofi.

Siku ya wakubwa alivaa abacost mupya, ile suti ya wakubwa. Alikiacha kifuniko cha kardani ndani ya hangari, akisema wakubwa wakikiona watadhani mashine iko na kasoro. Motere haikuzimwa. Aliinama mwenyewe kufunga saki, ili waone chef anajua kazi.

Kardani ikashika mukono wa nguo: mukono wa kuume umekwenda wote, toka begani. Kwa hospitali wamemuokoa. Ferme imemufukuza, na wakubwa waliandika kwamba ni uzembe wake. Sasa amelala hapa, ninamulisha na kijiko, na kila asubuhi neno la kwanza ni hili: mulipanga pamoja, weye na mudogo yako. Ananitemea chakula. Juzi alinishika nywele na ule mukono uliobaki, sikujua ungali na nguvu vile.

Damas, nakuomba neno moja, nimwonyeshe. Ulimwandikia kweli ama uongo? Na ulikuwa na nia gani?

Yaya yako,
Bibiane

*

Gereza, 6 Januari 1977

Bibiane,

Barua yako imefika. Mugongo wako siulizi.

Yote niliyoandika ni ya kweli. Mita, sekunde, kilo, funguo mufukoni. Uliza muntu yeyote wa mashine, atakwambia vile vile.

Kuhusu nia. Barua yako ya Septemba nilikaa nayo siku ine. Siku ya kwanza nilitaka kuandika uongo. Kisha nikamukumbuka bwana yako. Uongo anaujua, ni chakula chake. Angeunusa, angetafuta muntu mwingine wa kumufundisha vizuri. Kitu kimoja tu hawezi kukiamini, ni kweli ikitoka kwangu. Basi nikamwandikia kweli, bila kukosa hata neno, na pale pa kuzima motere nikarudia mara tatu ili aone ninasisitiza.

Kikapu cha jumapili nimemurudishia mulinzi. Usilete kingine.

Hii barua mwonyeshe ukitaka. Nayo hataiamini.

Damas