Siku Niliyobeba Mlango Wangu Hadi Lubaga

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu, kisha jua likatoka kama vile halihusiki. Leo ilikuwa siku yangu ya mapumziko na nilipanga kufua. Sijafua hata soksi.

Nina hasira, niseme mapema. Ni hasira nzuri, ile inayomnyoosha mtu mgongo.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: mimi ni askari wa getini wa kampuni binafsi, mwaka wa tisa sasa nakagua mikoba ya watu kwenye duka kubwa mjini. Naishi Namuwongo, hapa Kampala, na binti yangu Aber kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, ndani ya ua wenye vyumba kumi na viwili vinavyotazamana. Kiswahili changu ni cha kambini. Baba alikuwa koplo wa polisi, mtu wa Gulu, na sisi watoto wa kambi tuligombana, tukasali na kutongozwa kwa lugha hii. Watu wa Kampala wakinisikia nikiisema mjini wanashika mifuko yao, maana kwao hii ni lugha ya askari na wezi. Waendelee kushika.

Baba alipofariki tulipewa siku chache tuondoke kambini. Najua sauti ya godoro likiburutwa nje na mtu asiyekujua. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya wiki tatu zilizopita, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Kuna mpango wa nyumba nafuu. Zinajengwa upande wa Kawempe: vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, unalipa kidogo kidogo kama kodi mpaka nyumba inakuwa yako. Wanaopewa kwanza ni wapangaji wa bondeni kama sisi, tunaopandisha magodoro juu ya meza kila mfereji unapofurika. Masharti si mengi. Uwe na kitambulisho cha taifa, uwe na barua ya mwenyekiti wa LC, yaani wa mtaa, na chumba chako kiwe kimehesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza wanaandika majina na kupaka namba mlangoni. Mara ya pili wanakuja wengine kuhakiki. Wakikuta namba, wanaweka alama ya vema. Wasipoikuta, wanaandika kwamba hapo hapakai mtu.

Sasa nani aliwashauri wapake namba hizo kwa rangi nyekundu?

Nyekundu, Namuwongo! Hapa hata mtoto wa chekechea anajua maana ya rangi nyekundu ukutani. Miaka ile nyumba za kando ya reli zilipochorwa nyekundu, tingatinga halikukawia. Watu walikuwa bado wanabishana kama ni uvumi, na paa zao ziko chini.

Siku waliyokuja kuhesabu nilikuwa kazini. Nikarudi jioni, nikakuta ua mzima umechorwa. Mlangoni kwangu: 112. Sikuuliza swali. Jumapili baada ya kanisa nilitoka na mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria, nikasugua mlango wangu mpaka jasho likanitoka, halafu nikawageukia wengine nikawaambia nao wasugue. Nilitumia sauti ya getini. Ile sauti watu huitii kabla hawajafikiri.

Nalongo alisita. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa mapacha, anakaanga muhogo pale mlango wa ua, na ndiye aliyemlisha Aber miaka yote hii nikiwa kazini. Yeye alikuwepo walipokuja kuhesabu.

"Maama Aber, wale watu walikuwa na adabu," alisema. "Walisema langi ni ya nyumba mupya."

Nikamjibu kwamba hata waliobomoa kule relini walibisha hodi kwanza. Akachukua kitambaa.

Kufikia magharibi milango kumi na mmoja ilikuwa safi. Wa kumi na mbili ni wa Wafula, fundi seremala, Mkenya wa Bungoma. Yeye hakupakwa chochote kwa sababu mpango ni wa raia. Alisimama kwake akitucheka: "Afande, mkibomolewa wote, mimi nabaki landilodi." Huniita afande kwa ajili ya sare yangu.

Nilijiona shujaa siku ile. Nililala usingizi mzito.

Wahakiki walipita, wakatazama milango tu bila kumuuliza mtu, na Jumatatu hii orodha ikabandikwa ofisini kwa mwenyekiti. Ua wetu uko pale, vyumba kumi na kimoja, na mbele ya kila kimoja wameandika: hapakai mtu. Nalongo aliniomba nimsomee. Nikamsomea. Akavua miwani yake akanipa, akasema nisome tena na hiyo, labda macho yangu ndiyo mabovu.

Hakunilaumu. Ningeshukuru kama angenitukana.

Pingamizi zinapokelewa mpaka Ijumaa. Jana niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisini kwao, kwenye mteremko wa Lubaga. Afisa ni binti mpole mwenye kucha fupi, ananiita mama. Akaniambia nilete ushahidi kwamba tuliwahi kuhesabiwa. Nikamwambia kwamba ushahidi niliusugua mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ya aina hiyo sijui niiweke wapi.

Niliporudi, Wafula alinishauri tununue kopo la rangi tuzichore upya. Ana mkono mzuri wa kuandika. Nilikataa. Wakigundua watatuita waghushi, na maskini akishaitwa mwongo mara moja, hata kweli yake inaombwa risiti.

Basi leo asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga mlangoni moja kwa moja, maana kwetu paa halina upenu wa maana. Nilipotoka kumwaga maji ya beseni niligeuka, na nikaiona. 112. Si nyekundu tena, ni kivuli tu, weusi mwembamba ndani ya ubao uliolowa. Nikamwita Wafula. Akapitisha kidole, akanieleza kama mtu anayemweleza mwanafunzi mzito: mbao hii ni laini na haikuwa na vanishi, rangi ilizama, mimi nilisugua ya juu tu. Ikikauka haionekani. Ikilowa inatoka.

Tukazunguka na ndoo. Mlango wa mbao baada ya mlango wa mbao, tunamwaga maji, namba inatoka. Watu walikuwa wanashangilia kama vile ni mpira.

Mpaka tulipofika kwa Nalongo. Mlango wake ni wa bati. Kuna mitatu ya bati katika ua wetu, na bati likisuguliwa na mafuta ya taa halibaki na kitu. Tulimwaga ndoo nzima. Maji yakateremka, bati likang'aa.

"Kwangu hakuna," alisema, akaenda kukoleza moto wa muhogo.

Nilimwambia Wafula alete bisibisi, ang'oe mlango wangu.

"Afande, mlango wa mtu ni heshima yake," akasema. Lakini alikuwa ameshapiga goti kwenye bawaba.

Nilivaa sare. Najua ni kosa kuvaa sare siku isiyo ya kazi, na msimamizi wangu akisoma hapa basi amesoma. Nilitundika kitenge mahali pa mlango, Nalongo akahamishia kigoda chake mbele ya kitenge, na tukatafuta boda. Wawili wa kwanza walitukimbia. Wa tatu alisema amewahi kubeba jeneza, mlango ni nini. Wafula alikaa nyuma ameukumbatia, mimi nikafuata kwenye boda nyingine nikiwa na chupa mbili za maji. Kampala nzima ilitupisha. Hata askari wa barabarani alipisha, nadhani alidhani ni operesheni.

Jua lilikuwa kali. Tulipofika, ubao ulikuwa mkavu na safi.

Askari wa pale getini alinitazama, akautazama mlango, akarudi kunitazama. Mimi najua askari anavyofikiri: anatafuta sheria inayokataza, na hakuna sheria inayokataza mlango. Nikampigia saluti. Akapiga na yeye, mazoea tu, na tulishaingia.

Niliusimamisha katikati ya mapokezi, mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi na bahasha zao. Nikafungua chupa. Nikamwaga maji taratibu kutoka juu.

"Nyabo, mama, mlango nao wanamwagilia?" aliuliza mzee mmoja.

112 ikatoka. Pale pale kwenye vigae vyao. Benchi zima likasimama.

Yule binti alifungua kompyuta yake, akaenda kwenye hesabu ya kwanza, akanigeuzia kioo nione. Tulikuwemo. Wote kumi na mmoja, kuanzia 107 hadi 117, majina na idadi ya watu. Mbele ya 112 kulikuwa na jina langu na la Aber, yameandikwa vibaya lakini yamo. Niliona na jina la Nalongo, la ubatizo, ambalo sijawahi kumwita.

Na hapo ndipo nililetewa mtego, kwa upole kabisa.

Binti alisema ushahidi niliouleta ni wa mlango mmoja. Mimi nina kazi ya mshahara, nina kitambulisho, ninaweza kusaini leo na chumba changu kikaingia kwenye orodha saa hiyo hiyo. Lakini kila ua una pingamizi moja tu. Nikisaini langu, faili la ua linafungwa. Nikitaka wote wahakikiwe, basi nisisaini, faili libaki wazi, na yeye haniahidi lolote. Mkubwa wake anaweza kukataa ua mzima, na mimi ndani yake.

Shajara hii niliianzisha ili nisijidanganye. Basi niandike: nilichukua kalamu.

Nilimfikiria Aber ana meza yake ya kusomea. Nilifikiria mlango unaofunga chumba cha kulala, na kikohozi chake kinachokuja na unyevu wa ukuta kila masika. Nilijiambia kwamba Nalongo mwenyewe angesema nisaini. Hilo ni kweli, angesema. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma jioni hii.

Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ya ile Jumapili. Sugueni. Wanasugua.

Nikaikata ile herufi. Nikamwambia binti kwamba milango iliyobaki ya mbao ni saba, nina fundi na bisibisi, na kesho asubuhi nitaileta yote hapa mapokezi pamoja na ndoo. Na ile mitatu ya bati? Nikamwambia asome orodha yake. Kati ya 110 na 112 kuna nini? Hesabu za darasa la kwanza. Kama huku kuna mtu na huku kuna mtu, na katikati kuna mama anayekaanga muhogo kila siku ya Mungu, anawezaje kuwa hapakai mtu?

Nilisema kwa sauti ya getini. Safari hii niliitumia vizuri.

Mkubwa alitoka ofisini kwake. Alitazama maji kwenye vigae, akatazama watu wa benchi ambao sasa walikuwa wanauliza na wao kuhusu milango yao. Akasema kesho saa nne atatuma watu wahakiki ua mzima, mbao na bati. "Lakini tafadhali," akasema, "milango ibaki nyumbani." Nikamwambia aandike. Akaandika, akagonga muhuri. Karatasi hiyo nimeipiga picha mara tatu.

Haisemi kwamba tutaandikishwa. Inasema watakuja.

Nyumbani niliwaambia yote, pamoja na ile herufi moja. Nilitaka wajue. Mpangaji wa mlango wa tatu alitoa maneno makali na nikayapokea, ni haki yake. Nalongo alinifungia muhogo kwenye karatasi akasema, "Ungesainisha, mujinga wewe. Aber anakohoa." Halafu akalia, akakasirika kwamba amelia.

Wafula amerudisha mlango. Unafunga vizuri kuliko zamani.

Kwa yeyote anayesoma hapa akiwa bondeni kama mimi: wakikupaka rangi, uliza. Uliza mara tatu, omba karatasi, nenda kwa mwenyekiti. Woga wetu tumeupata kihalali, hakuna wa kutucheka kwa ajili yake, lakini usiuachie ufanye kazi ya macho. Na ninyi mnaokuja kutuhesabu, jifunzeni kwanza mahali mnapokuja. Bluu ipo. Kijani ipo.

Kesho nimebadilishana zamu. Saa nne nitakuwa kwenye ua na ndoo. Nitawapeleka kwanza kwenye milango mitatu ya bati, wakiwa bado na nguvu na adabu, kisha kwa wenye mbao, mmoja mmoja. Wangu nitaulowesha mwisho. Wakichoka njiani, au wakisema nafasi zimejaa, wa kukosa niwe mimi.

Lakini wasidhani nitakosa kimya kimya.