Unga Nilioufunua Kwanza

Kikuyu, Dodoma
Jumapili, baada ya kanisa

Mwanangu Merina,

Shikamoo yako niliyoikuta kwenye karatasi nimeipokea, marahaba mwanangu. Na ile uliyonipa kwa simu nikashindwa kuiitikia, nayo nimeipokea. Hujambo? Kikohozi kimeisha au unajikaza tu? Jirani yetu Mama Yohana, aliyeniletea barua yako, anasema umekonda. Nikamwuliza umekonda wapi, usoni au mwili mzima, akasema, "Mama Merina, mtoto amekua tu, mbona unanihoji kama polisi?" Sikuridhika. Kula, mwanangu. Na ule mguu uliochomwa na mwiba usiuchokonoe na sindano ambayo haijapita motoni. Baba yako mzima? Bibi yako macho yanaonaje siku hizi? Mimi huku ni mzima, nafanya kazi, nakula, usingizi ndio wa kuokoteza.

Usishangae kuona naandika. Unajua niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Lakini kwenye simu nikifika kwenye maneno yenyewe sauti inakatika. Wewe unasema, "Mama, mtandao." Si mtandao. Ni mimi.

Umeniuliza mambo matatu. La kwanza, zile chapati alizozipenda mdogo wako Loi zinapikwaje, maana bibi yako anataka ziwepo siku ya kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi lake. La pili, kama nitakuja siku hiyo. Na la tatu umeliandika chini kabisa kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona. Unauliza kama niliondoka nyumbani kwa sababu siku ile nilikuwa napikia sherehe yako ya kipaimara. Mwaka wa tatu huu unatembea na swali hilo na mimi sikujua. Nitakujibu. Ila niache nianze na chapati, maana mikono yangu inazijua chapati kuliko mdomo wangu unavyoyajua maneno.

Chukua unga wa ngano, mabakuli mawili, lile bakuli la maua la wageni. Weka chumvi kijiko kidogo na mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha kulia, basi. Hamira usiweke. Dukani watakuambia weka kidogo zipate kuvimba, usiwasikilize. Chapati si andazi. Maji yawe vuguvugu, ukitia kidole usishtuke. Mimina kidogo kidogo huku unakanda. Kanda kwa kiganja, sukuma mbele, kunja, sukuma tena, mpaka unga uache kung'ang'ania vidole na ukiubonyeza uwe laini kama ndewe ya sikio lako. Ukikauka ongeza maji kwa vidole tu, usimwage, baba yako hajalima ngano.

Kisha ufunike kwa kitambaa chenye unyevu, uuache utulie. Nusu saa, au muda wa kwenda kisimani na kurudi bila kusimama kupiga soga. Hapo ndipo chapati inapopata ulaini wake. Na hapo ndipo nilipokuwa nashindwa mimi.

Nikueleze. Nilipofika hapa mjini nilipata kwanza kazi kwa mama mmoja wa maandazi. Siku ya pili tu, nimekaa pembeni ya beseni lililofunikwa, nikaona kitambaa kinapanda. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Ni hamira, najua ni hamira, mjinga gani asiyejua. Nilivua aproni nikaiweka juu ya kiti nikaondoka, na yule mama akaniita mpaka nikapotea kwenye kona. Sikurudi.

Ndipo nikampata huyu bibi ninayemfulia na kumpikia, Bibi Savita. Ni Mhindi, lakini amezaliwa hapahapa Dodoma, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," kama mtu wa kwetu kabisa. Yeye anakula chapati kavu, isiyo na hamira wala mafuta ya kukaangia, mchana na jioni. Nikasema moyoni, hapa nimepona, hapa hakuna kitu kitakachovimba.

Ila unga sikuuacha utulie hata siku moja. Nikishaukanda nausukuma hapohapo na kuutupa kwenye kikaango, maana nisingeweza kukaa nautazama umefunikwa. Basi chapati zangu zikawa ngumu. Bibi alivumilia mwanzo, baadaye akaanza maneno yake.

"Dorika, hii ni chapati au kandambili?"

"Ni chapati, Bibi."

"Nina meno matatu. Unataka niyazike kabla ya mwili?"

Siku nyingine aliishika juu akaichungulia kama anatafuta dirisha, akasema atawapelekea mafundi wakaezekee. Nami nacheka, kesho nafanya vilevile. Mpaka wiki ile barua yako ilipofika. Niliisoma jikoni, nikaanza kukanda huku machozi yanaingia kwenye unga, na Bibi akaja na fimbo yake akaketi kwenye kigoda. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akafunika beseni mwenyewe.

"Leo tunakaa," akasema. "Unga hauna haraka. Mwenye haraka ni wewe. Unakimbia nini?"

Merina, nilimwambia. Na nikishaweza kumwambia mtu baki, siwezi kukuficha wewe.

Siku ya kipaimara chako mlikuwa wote kanisani, wewe na baba yako na bibi. Mimi nilibaki kupika na kumwangalia Loi, maana usiku alikuwa na homa. Asubuhi ilishuka. Mimi ndiye niliyemwambia baba yako, "Nendeni, huyu amepoa." Aliamka akanywa uji vijiko viwili. Akaona unga, akasema, "Mama, chapati?" Nikamwambia, "Ngoja unga utulie, ya kwanza ni yako." Akafurahi. Akajilaza kwenye mkeka karibu na mafiga, nikamfunika kanga yangu ya njano, na unga nikaufunika kanga nyingine. Akawa anauliza, "Mama, bado?" Nasema bado. Ananyamaza, anauliza tena, "Mama, bado?" Nasema bado kidogo. Nilikuwa naiona kanga yake ikipanda na kushuka. Nikatoka nje kuongeza kuni na kuchinja yule jogoo, na jogoo akanisumbua, akanikimbiza mpaka zizini.

Niliporudi ndani, kulikuwa na vitu viwili vimefunikwa. Nilifunua unga kwanza.

Nilifunua unga, nikaubonyeza, nikaona umetulia vizuri, nikafurahi. Nikachota donge la kwanza. Nikasema, "Loi, tayari, amka." Nikalikata, nikaliviringa, ndipo nikashangaa mbona haniulizi. Mengine unayajua, nilivyotoka mbio naye mgongoni, na pikipiki, na zahanati. Nesi aliniambia malaria ilikuwa imepanda kichwani tangu usiku, huenda hata ningemleta mapema kidogo isingesaidia. Huenda. Hilo neno ndilo ninaloamka nalo.

Na kitu kingine hukukiona, maana ulikuwa umelala kwa kulia. Kesho yake, watu wamejaa uani kwa msiba, bibi yako aliona unga haufai kutupwa. Akawapikia waombolezaji. Unga ulikuwa umekaa usiku kucha, na chapati zikawa laini sijawahi kuona. Nimeketi pale chini na wanawake, nasikia mmoja anamwambia mwenzake taratibu, "Chapati hizi laini, nani kazikanda?" Mwenzake akamfinya. Bibi yako hakukosea, chakula ni chakula. Lakini tangu saa ile sikuweza kukaa nyumba moja na lile beseni. Nililikimbia beseni, Merina. Sikukukimbia wewe. Kipaimara chako hakikumwua mtu. Chapati aliomba Loi mwenyewe kwa mdomo wake, na hata isingekuwa sherehe ningempikia. Wewe ulikuwa umepiga magoti kanisani kwa gauni jeupe, na kosa langu pekee kwako ni kwamba mpaka leo sijakuuliza siku ile askofu alikuambia nini.

Basi nilipomaliza kumweleza Bibi Savita haya, tulikuwa bado tumekaa, beseni katikati yetu. Mlango umefungwa kwa ajili ya upepo. Hamira haimo. Na mimi naona kitambaa kinapanda na kushuka. Nikasikia, karibu kabisa, hapa chini ya kiwiko, "Mama, bado?"

Nikamwambia Bibi, "Anauliza." Nilijua atanicheka. Hakucheka.

"Siku zote anauliza?"

"Kila nikifunika."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nafunua haraka, nasukuma."

"Dorika, mtoto akiuliza anajibiwa. Mjibu."

Nilikaa. Nikasema, "Bado kidogo, mwanangu, lakini mama yupo hapa, hatoki." Tukakaa hivyo, mimi na yule bibi, mpaka muda ukatimia. Ndipo nikasema, "Tayari." Nikafunua. Palikuwa na unga tu.

Sasa sikiliza yanayofuata. Kata madonge, kila moja kama yai la kanga, yule ndege, si nguo. Pondaponda, nyunyiza unga mkavu, sukuma kutoka katikati kwenda nje, usikandamize. Kikaango kiwe cha moto na kikavu. Tupa chapati, ukiona vipele vimetoka juu geuza, ukiona madoadoa ya kahawia chini itoe, iweke moja kwa moja juu ya makaa yasiyo na moshi. Itajaa upepo ghafla kama mpira. Usiogope. Na usiinamie, ikipasuka mvuke wake unaunguza, na usifunge kanga ndefu karibu na moto. Itoe, ipake mafuta kidogo, ifunike na wenzake isikauke.

Ile ya kwanza Bibi Savita hakuila. Kwao chapati ya kwanza hailiwi na watu, ni ya ng'ombe. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Nikamwambia huku Kikuyu ng'ombe tutampata wapi, akasema, "Mbuzi wa jirani yupo. Mbuzi naye ni ng'ombe, ila amekosa bahati." Tukatoka nayo nje. Mbuzi akaila yote, akatazama mikono yangu kama kuna nyingine. Nilicheka, mwanangu. Nikaogopa kicheko changu mwenyewe, ila nilicheka. Na ya pili Bibi aliitafuna kwa yale meno yake matatu. Akaniomba ya tatu.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Anakuja bado. Nikifunika tu nasikia. Lakini siku hizi anauliza mara moja, namjibu, ananyamaza kama mtoto aliyesikia mama yupo.

Ndiyo, nitakuja. Nimeshaomba ruhusa, na Bibi kaniambia nisiporudi na alizeti nisirudi. Nitapanda basi la asubuhi Ijumaa, siku moja kabla ya msalaba. Watu husema huko kwetu Haneti si mbali na Dodoma, na kwa gari si mbali. Kwa miguu yangu mimi ilikuwa mbali sana.

Msalimie baba yako, mwambie najua alivyonyamaza miaka hii si kwa hasira, na asiuze yule ndama aliyekuwa akifukuzwa na Loi kwa kijiti, kama bado yupo. Amekuwa ng'ombe mzima sasa. Chapati ya kwanza tutampelekea yeye. Mpe bibi yako shikamoo yangu, nitamfunga kilemba mimi mwenyewe siku hiyo. Msalimie mwalimu wako wa kwaya, na yule baba mdogo wako aliyechimba kaburi, mwambie namshukuru, siku ile sikumshukuru.

Sasa kazi yako ni hii. Siku ya Ijumaa ukiona jua limesimama juu ya zizi, kanda unga kama nilivyokuandikia, kwenye beseni lilelile. Ufunike kanga ya njano. Najua bado ipo, bibi yako hatupi kitu. Ukishafunika, usisukume na usifunue, hata ukiona muda umepita, hata bibi akikuhimiza. Keti tu karibu nao unisubiri. Ukisikia mtu anauliza, usiogope, mwambie mama yupo njiani.

Nami nikishuka kwenye basi nitaingia mlango uleule, nitawakuta wawili, wewe na unga. Unga utangoja. Nitakushika wewe kwanza, nikutazame uso, nikusikilize pumzi, mpaka niridhike.

Mama yako, na mama wa Loi,
Dorika