Picha ya Bibi Zaina imerudi

Kasongo, Alhamisi usiku

Imerudi, alhamdulillahi. Nimefungua tovuti ya familia sasa hivi, na Bibi Zaina yuko palepale, juu ya tangazo la arobaini yake, na kitambaa chake cheupe kichwani.

Lakini Mujomba Saidi leo amenitoa jasho! Alipiga simu asubuhi kutoka Salamabila, bila hata salamu: "Mumemutoa mama yangu kwenye tovuti! Munataka sisi tusijue arobaini iko siku gani?" Nikamwambia sijagusa kitu. Hakuamini. Nikaogopa, maana tangu matanga, wao wa Salamabila na sisi wa Kasongo hatujakaa vizuri.

Nikampigia fundi wa kampuni inayotutunzia tovuti. Akanielewesha kwamba kwenye seva moja, yaani kompyuta inayobeba tovuti, tumepangishwa wengi, kama wapangaji wanaotumia jenereta moja: mmoja akizidisha pasi na friji, wote wanabaki gizani. Tovuti ya jirani ilijaa wageni, ikatuangusha sote. Hakuna kilichofutwa. Huyo jirani simjui, lakini nimemsema wee, mpaka nikachoka.

Alasiri tovuti ikasimama tena. Nikampigia Mujomba, nikijua ataanza tena na arobaini.

"Siku ya arobaini naijua," akasema. "Ni ile picha, mutoto wangu. Sina ingine. Kila asubuhi naifungua, namusalimia mama."

Na mimi nilidhani ni ugomvi...

Kesho naichapisha kwenye karatasi, nampa mwenye pikipiki anayekwenda Salamabila. Bibi asiishi tena kwenye nyumba ya kupanga tu.