Gadolini na Barafu ya Mbuta

Jumatatu, 3 Februari
Nimepangusa rafu, nimempa paka wa stoo maziwa. Ukaguzi wa vifaa vya maabara ya fizikia ninavyovitunza. Kila mwaka naupita bila jasho. Leo jasho. Mkaguzi, Bwana Owuor, alifika kwenye fuwele ya gadolini: metali adimu, ndogo kuliko kifundo cha kidole changu, ghali kuliko pikipiki. Rekodi inasema inashika sumaku. Akaisogezea sumaku. Wapi.

“Mzee Otieno, hii si ni risasi ya kuzamishia nyavu?”

Anasema nimeibadilisha. Akaitia kwenye bahasha, akaipiga muhuri. Kikao Ijumaa. Ikibaki hivi, sina kazi.

Jumanne, 4 Februari
Sikuiba. Naandika hapa kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mtaani kwetu Nyalenda wameshajua. Kwenye foleni ya maji, Min Ochieng, jirani yangu muuza samaki, aliniuliza mbele ya watu: “Baba Achieng, hiyo kitu uliuza sokoni Mamboleo ama ulienda nayo Sondu?” Wakacheka. Nikacheka nao. Iliniuma.

Jumatano, 5 Februari
Nimekumbuka. Desemba niliihamisha mwenyewe. Ilikuwa chumba cha mitambo, chini ya kiyoyozi. Kiyoyozi kikaanza kudondosha maji. Nikaipeleka stoo, chini ya mabati. Sikumwambia mtu. Ujinga wangu.

Nina kitabu, nilikiokota maktaba ilipokuwa ikitupa vya zamani. Fizikia yangu yote imetoka kwenye takataka. Kinasema: ndani ya gadolini kila atomu ni sumaku ndogo. Kukiwa na baridi zinaelekea upande mmoja. Joto likipita kama nyuzi ishirini, zinavurugika, kila moja na njia yake. Kipimajoto cha stoo: thelathini na mbili. Kaguzi zote za nyuma zilifanyika kwenye baridi ya kiyoyozi.

Ningeshangilia. Lakini bahasha ina muhuri, siwezi kujaribu kwanza. Na kama kweli kuna aliyeibadilisha? Ufunguo wa stoo hutundikwa msumarini. Hata paka anajua.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeenda kwa Min Ochieng kuomba barafu.

“Barafu ya nini na wewe huna samaki?”

“Ya kuokoa kazi.”

Akanitazama. “Basi kesho chukua ya juu. Ya chini imelala na vichwa vya mbuta, inanuka.”

Naogopa. Basi.

Ijumaa, 7 Februari
Watu watatu mezani, Owuor na mkuu wa idara wakiwemo, mimi na kisanduku cha barafu. Harufu ya samaki ilitangulia.

“Mzee, umetuletea lunch?” Owuor. Wakacheka.

Bahasha ikafunguliwa. Fuwele ndani ya mfuko, mfuko ndani ya barafu. Dakika kumi. Niliwaza ule msumari tu.

Nikaitoa. Sumaku. Tak! Ikashika.

“Hiyo ni maji ya barafu tu yameigandisha kwa sumaku,” Owuor akasema.

Nilitarajia aseme hivyo. Nikatoa mfukoni risasi ya nyavu, ya kweli. Nikaitia barafuni vilevile. Haikushika. Nikaipoza tena gadolini, nikaishikisha kwenye sumaku, nikaiacha ining'inie. Tukangoja. Joto la Kisumu likafanya kazi yake: ikadondoka yenyewe juu ya faili langu.

Mkuu wa idara akalifunga. Nimepewa onyo kwa kuhamisha kifaa bila barua. Hilo nimelistahili.

Jumatatu, 10 Februari
Ufunguo sasa unakaa mfukoni mwangu.

Asubuhi nimeunganisha nyaya nne kwenye fuwele iliyotoka barafuni, nione umeme unavyopita ikipata joto. Ukinzani ulipanda mbio, kisha karibu na nyuzi ishirini ukalegeza mwendo. Palepale inapoachana na sumaku. Nimechora mstari mara mbili. Umepinda mara mbili.

Saa tisa Owuor akaja, bila faili. Akazungukazunguka. Akasoma lebo ambazo alishazisoma. Mwishowe: anataka kuiona ikidondoka tena.

Nikamtuma barafu kwa Min Ochieng.

Amemuuzia ya chini.