Leo Nimekubali Kupasuliwa Jicho

Baba Tshibola,

Ukirudi toka kazi ya Mutoshi usiniite, siko nyumbani. Nimeenda hospitali kupasuliwa jicho. Ndiyo, leo! Tshibola ananisindikiza. Mboga ya sombe iko mu sufuria ya kijani. Bukari ya kula nayo utapika wewe, na usiiunguze kama Jumapili. Maji yakitoka, kijana wetu Muamba ajaze mabidoni yote.

Unajua nilikataa mara mbili. Niliogopa kuwa kipofu kabisa, nishindwe kushona, nishikwe mukono mpaka chooni. Wewe ulisema tu, “Mungu yuko,” ukageuka, ukakoroma. Iliniuma. Nikabaki na woga yangu peke yangu.

Asubuhi hii nilijaribu kutia uzi kwenye sindano, ikanishinda. Nikalia. Nikapiga magoti pale pale kando ya mashine, nikaomba bila maneno mazuri: “Bwana, naogopa. Jicho ni lako, na munganga wa hospitali ni wako. Unishike.” Woga haikutoka yote, lakini moyo ulitulia, nikajikuta natafuta viatu. Tshibola akauliza, “Mama, tunaenda kweli?” Nikamwambia, “Twende, kabla sijageuza mawazo.”

Leo ukiniombea, omba kwa sauti, batoto bakusikie. Mi pia nilikuwa natamani kukusikia.

Kitambaa cha Mama Josée: ~~umurudishie, atafute fundi mwingine~~

Hapana. Kiache kwenye mashine. Nitakishona mi mwenyewe.

Mama ya batoto yako